Dozi, Presha na "Ndiyo, Daktari": Mazungumzo katika Matibabu ya Shinikizo la Juu la Damu Ufipa

Mgonjwa wa malaria hahitaji kushawishiwa sana ili anywe dawa. Homa yenyewe humsukuma. Akinywa, homa hushuka, naye huona kwa mwili wake kwamba dawa imefanya kazi. Mwenye shinikizo la juu la damu hana msukumo huo. Aghalabu haumwi popote. Analima, anatwanga, anaendesha baiskeli, kisha siku moja anaambiwa kwamba ni mgonjwa na kwamba anapaswa kumeza vidonge kila siku, pengine kwa maisha yake yote. Akivimeza hahisi nafuu, kwa kuwa hakuwa na maumivu; wakati mwingine huhisi vibaya zaidi, kwa kuwa dawa zina maudhi yake. Sababu pekee aliyo nayo ya kuendelea ni maelezo aliyopewa na mtoa huduma. Maelezo hayo yasipoeleweka, au yakieleweka kinyume, hakuna kitu mwilini mwake kitakachomkumbusha kurudi kliniki hadi madhara yawe yameshatokea: kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi, au figo kuharibika.

Tatizo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takribani mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kabla ya hapo, uchunguzi uliofanywa Ilala, Dar es Salaam, na wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba miongoni mwa wenye ugonjwa huu ni chini kidogo ya asilimia 20 waliojua kwamba wanao, na wale ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika hata asilimia 1. Uchunguzi mwingine wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia watu waliopimwa, wakathibitishwa kuwa na ugonjwa, wakaelekezwa waende kutibiwa. Baada ya miezi 12 ni takribani theluthi moja tu waliokuwa wamekwenda, na waliokuwa wanatumia dawa walihesabika kwa vidole. Watu hao walikuwa wamepimwa na kuambiwa. Kuambiwa peke yake hakukutosha.

Takwimu hizo ni za mbali na Ufipa, lakini hali zinazozizaa zinaonekana vizuri mahali kama Pito, kata iliyomo katika Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa. Wengi huko ni wakulima wa mahindi, maharage na ulezi. Wazee wengi hufikiri na kuota kwa Kifipa, na Kiswahili wanakitumia sokoni, kanisani na ofisini. Mtoa huduma anayewapokea aghalabu ni kijana kuliko wao, mara nyingi ametoka mkoa mwingine, na mlangoni kwake pana foleni. Katika dakika chache watu hawa wawili wanapaswa kukubaliana juu ya jambo la miaka 20 ijayo.

Maneno matatu yanayopotosha

Neno la kwanza ni "presha". Katika vitabu ugonjwa huu huitwa shinikizo la juu la damu, lakini hakuna mgonjwa anayekuja kliniki na jina hilo. Huja na presha, na presha ya mtaani ni pana kuliko ile ya kwenye mashine. Mtu aliyeudhiwa husema amepandishwa presha. Anayeenda mbio moyo kwa hofu husema presha imemshika. Wapo pia wanaosema wana presha ya kushuka, wakimaanisha kizunguzungu au uchovu. Kwa maana hiyo, presha ni kitu kinachohisiwa, kinachokuja na kuondoka, na kinacholetwa na mawazo. Mtu mwenye fahamu hiyo akikabidhiwa vidonge atafanya jambo la busara kabisa kwa upande wake: atameza siku anapojisikia vibaya, na siku anapojisikia vizuri atavihifadhi. Mtoa huduma ataandika kwamba mgonjwa hafuati masharti, ilhali mgonjwa anayafuata masharti ya ugonjwa anaoujua yeye.

Hakuna haja ya kulipiga marufuku neno hilo. Linalohitajika ni swali moja mwanzoni: "Presha yako unaijuaje kama imepanda?" Akijibu kwamba kichwa humgonga au moyo humdunda, hapo ndipo mahali pa kuanzia maelezo. Anaweza kuonyeshwa mashine siku ambayo hajisikii chochote, akasomewa namba ya 168 kwa 98, kisha akaelezwa kwamba namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma na ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapotulia, na kwamba ikifika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, mishipa inaumia hata kama mwenyewe hasikii. Mgonjwa aliyeona namba kubwa siku aliyojiona mzima hujifunza kitu ambacho bango la ukutani haliwezi kumfundisha.

Neno la pili ni "dozi", na hapa lawama ni ya sekta ya afya yenyewe. Kwa miongo mingi wananchi wamehimizwa wamalize dozi. Dawa mseto ya malaria humezwa kwa siku 3, viuavijasumu kwa siku 5 au 7, nayo mafundisho yamekuwa yaleyale: usiache katikati hata ukijisikia nafuu. Somo hilo limeeleweka vizuri mno. Mgonjwa wa presha anapopewa vidonge 30 katika bahasha, huvimeza vyote kwa uaminifu, kimoja kila asubuhi, na siku ya 31 anajua kwamba amemaliza dozi. Hakuacha dawa; alimaliza. Baada ya miezi minne anakutwa na 180 kwa 110 na kukaripiwa kwa uzembe, naye haelewi kosa lake. Ni afadhali neno dozi lisitumike kabisa kwa dawa hizi. Vidonge 30 ni "dawa za mwezi huu", na siku ya kuchukua za mwezi ujao itajwe na kuandikwa kabla bahasha haijafungwa.

La tatu ni "kupona". Kila mgonjwa hulitamani, na mtoa huduma mwenye furaha ya kuona namba nzuri hulitoa kirahisi: "Presha yako imekaa sawa sasa, umepona." Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, kutoka Tanzania na nchi jirani, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Wengi walikuwa na magonjwa sugu, yakiwamo kisukari na presha. Ni rahisi kuwacheka. Lakini foleni zile za magari zilieleza jambo ambalo kliniki nyingi hazijalijibu: watu walikuwa tayari kutumia akiba yao yote kwa tiba ambayo ingekoma. Mgonjwa ambaye hajaambiwa waziwazi kwamba dawa yake inadhibiti, haiponyi, ataendelea kuitafuta ile inayoponya, na hatamwambia mtu. Kwa mkulima, mfano wa palizi hueleweka upesi. Shamba lililopaliliwa vizuri ni safi kwa sababu ya palizi, na msimu unaofuata magugu yatarudi. Basi inafaa mgonjwa aambiwe: "Namba imekuwa nzuri kwa sababu ya dawa. Ukiiacha, itarudi ilikokuwa."

"Ndiyo" isiyo na maana ya ndiyo

Kumkatalia mtu mbele ya uso wake si adabu, na kumkatalia mtu aliyesoma ni vigumu zaidi. Mgonjwa mzee anayeulizwa "Umeelewa?" hujibu ndiyo, kwa kuwa kusema hapana ni kukiri ujinga wake au kumtia mwenzake aibu ya kutoeleza vizuri. Anayeulizwa "Dawa unakunywa?" hujibu anakunywa. Majibu hayo ni ya heshima, si ya udanganyifu, lakini katika ugonjwa huu yana hatari kubwa.

Mfano wa kubuni utasaidia. Mama wa miaka 62 anafika kliniki na 172 kwa 100. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Mama, dawa unakunywa?"

"Nakunywa, daktari."

"Kila siku?"

"Ndiyo."

Tabibu anaamini, na kwa kuamini anafanya kile mwongozo unachomwelekeza: dawa moja haikutosha, anaongeza ya pili. Kweli ilikuwa kwamba vidonge viliisha wiki mbili zilizopita. Sasa mama ana dawa mbili, gharama mara mbili, na siku atakapoamua kuzimeza zote kwa pamoja shinikizo laweza kushuka kupita kiasi, akaanguka kisimani. Atahitimisha kwamba dawa za hospitali zinaua, na majirani watamwunga mkono.

Tabibu mwingine, mwenye foleni ileile, angeweza kuanza kwingine:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, wengi wanaokuja hapa huniambia kuna siku dawa huwapita. Mtu anakwenda msibani anazisahau nyumbani, au zinaisha kabla ya tarehe. Wewe wiki hii iliyopita zimekupita siku ngapi?"

"Mh. Kusema kweli, baba, ziliisha. Nilimgawia mdogo wangu, presha ilimshika kulekule msibani."

Kwa swali hilo moja yamepatikana mambo mawili ambayo hayangepatikana kwa kipimo chochote: dawa ziliisha, na mdogo wake naye anahitaji kupimwa. Tofauti ni kwamba swali la kwanza lilikuwa na jibu moja tu la adabu. La pili lilimfungulia mgonjwa mlango wa kusema kweli bila kuonekana mkosaji, kwa kuwa kusahau kulitajwa kwanza kama jambo la watu wote, na kilichoulizwa ni idadi.

Vivyo hivyo kwa "Umeelewa?" Badala yake mgonjwa aombwe aeleze kwa maneno yake: "Ukifika nyumbani wakakuuliza umeambiwa nini, utawaambiaje?" Akikosea, kosa ni la maelezo, na maelezo yarudiwe kwa njia nyingine. Mwaka 2003 watafiti wa San Francisco, Marekani, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo kati ya madaktari na wagonjwa wa kisukari. Katika kila mambo mapya 100 yaliyoelezwa, madaktari walihakikisha kwamba mgonjwa ameyaelewa au anayakumbuka kwa takribani 12 tu. Wagonjwa waliohakikiwa ndio walioelekea zaidi kuwa na sukari iliyodhibitiwa.

Lugha inaongeza uzito. Katika vijiji vya Ufipa mzee huweza kuja na mjukuu ili amtafsirie. Mjukuu wa miaka 14 anaweza kutafsiri "punguza chumvi". Hawezi kutafsiri swali kuhusu pombe ya babu yake, sembuse kuhusu nguvu za kiume. Pale ambapo kuna muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezungumza Kifipa, ni yeye anayefaa, na tabibu amtazame mgonjwa wakati wa kuuliza, asimtazame mkalimani. Hata kwa anayekijua Kiswahili, "mia moja sitini na nane kwa tisini na nane" ni mzigo. Namba iandikwe.

Kuna jambo jingine linalofunga midomo Sumbawanga, na wenyeji wanalijua. Jina la mji huelezwa kwa kawaida kuwa na maana ya kutupa uchawi, na mzaha juu ya uchawi wa Sumbawanga umesambaa nchi nzima. Mtumishi aliyehamishiwa huko hufika akiwa ameusikia. Akiuutania mbele ya mgonjwa, hata kwa nia njema, amejifungia mlango: mgonjwa huyo hatasema kwamba ametoka kwa mganga, wala kwamba anakunywa mizizi iliyochemshwa pamoja na vidonge. Swali la mitishamba liulizwe kama swali la chakula, bila kicheko: "Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia, ya dukani au ya kienyeji?" Lisiachwe neno "ya dukani", kwa kuwa mkulima mwenye maumivu ya mgongo huenda ananunua diklofenaki au ibuprofeni katika duka la dawa muhimu, nazo zaweza kupandisha shinikizo na kuumiza figo.

Chumvi isiyoitwa chumvi

Ushauri wa kupunguza chumvi hutolewa kila kliniki, na karibu kila kliniki huharibika kwa swali baya. "Unakula chumvi nyingi?" "Hapana." Jibu ni la kweli, kwa kuwa chumvi anayoifikiria ni ile ya kuongeza mezani. Haijahesabiwa magadi yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi, au katika mboga za majani ili zilainike. Magadi ni madini yenye sodiamu, na sodiamu ndiyo ile iliyomo katika chumvi inayopandisha shinikizo. Hawajahesabiwa pia samaki waliokaushwa kwa chumvi wanaopanda kutoka Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika. Kwa mtu aliye juu ya uwanda, samaki mkavu ndiye kitoweo kinachosafiri. Kumkataza tu ni kumwacha na ugali mtupu. (Chumvi yenyewe ina historia ndefu upande huo: huko Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, ilichemshwa na kuuzwa karne nyingi kabla ya viwanda.)

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takribani kijiko kimoja cha chai kwa vyote alivyokula. Kipimo hicho hakimsaidii mpishi anayepikia watu wanane katika sufuria moja. Anayesaidiwa ni yule aliyeulizwa maharage anayapikaje. Akisema anatia magadi, anaweza kushauriwa aloweke maharage usiku kucha na kumwaga maji yake. Akisema anakula samaki wa chumvi, awaloweke, amwage maji, kisha asitie chumvi nyingine katika mchuzi. Mazungumzo hayo yafaa yafanyike na anayepika. Mzee wa kiume anayeambiwa peke yake apunguze chumvi atarudi nyumbani na amri, na amri hiyo haina uhakika wa kufika jikoni.

Namba ya kupimia nayo inahitaji maelezo. Mgonjwa aliyefika kwa miguu, akipanda kilima, apumzike walau dakika 5 kabla ya kupimwa, akae ameegemea, miguu chini, mkono umeegeshwa usawa wa moyo. Wakati mashine inapima, wote wawili wanyamaze, kwa kuwa kuongea hupandisha namba. Hiyo ndiyo dakika moja ya kliniki ambayo ukimya una faida kuliko maneno. Ufipa ni nchi ya juu na ya baridi, hasa Juni na Julai, na baridi huelekea kupandisha shinikizo kidogo. Namba iliyopanda Julai si ushahidi wa kutosha kwamba mgonjwa ameacha dawa.

Kuhusu muda

Pingamizi la watoa huduma linajulikana: foleni ni ndefu, hakuna muda wa mazungumzo. Pingamizi hilo lina ukweli, lakini si lote. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walionyesha kwamba madaktari waliowachunguza walimkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18 tangu alipoanza kueleza shida yake. Huko Basel, Uswisi, mwaka 2002, watafiti walipima ni muda gani mgonjwa angetumia iwapo angeachwa aseme hadi amalize. Wastani ulikuwa sekunde 92. Dakika moja na nusu si kitu kikubwa hata kwa foleni ya Sumbawanga, hasa ukilinganisha na muda wa kumlaza aliyepooza.

Uchunguzi wa karibu na nyumbani unatia moyo na kusikitisha kwa pamoja. Kenneth Leonard na Melkiory Masatu waliwahoji wagonjwa waliokuwa wakitoka kwa matabibu mkoani Arusha na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Mtafiti alipoingia kukaa chumbani, tabibu aliuliza maswali zaidi na kueleza vizuri zaidi. Baada ya wagonjwa 10 hadi 15 alikuwa amezoea kutazamwa, na akarudia mtindo wake wa awali. Maana yake ni kwamba ujuzi ulikuwapo tangu mwanzo. Semina nyingine ya mawasiliano huenda isiongeze kitu, msimamizi anayekaa chumbani mara kwa mara, au mwenzake anayewauliza wagonjwa mlangoni "Umeambiwa nini?", huenda akaongeza.

Tena ujuzi huo upo katika jengo lilelile. Tangu mwaka 2004, huduma za tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI zimewafundisha Watanzania kumeza dawa kila siku ya maisha bila kuhisi maumivu. Kliniki hizo zina ushauri nasaha kabla ya kuanza dawa, kadi yenye tarehe ijayo, msaidizi wa matibabu kutoka nyumbani, na mtu wa kumtafuta asiyefika. Mgonjwa wa presha huvuka korido hiyohiyo, akapewa bahasha na kuambiwa "mara moja kwa siku". Hakuna sababu ya kitabibu ya tofauti hiyo.

Maudhi, fedha na mambo ya aibu

Kila dawa ya shinikizo ina tabia yake, na mgonjwa asiyeambiwa mapema huitafsiri mwenyewe. Amlodipini yaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Kaptoprili na enalaprili zaweza kuleta kikohozi kikavu, nacho katika nchi yenye kifua kikuu huleta hofu nyumba nzima. Vidonge vya kukojoza humwamsha usiku aliyevimeza jioni. Vikimezwa asubuhi tatizo hupungua. Mwenye miguu iliyovimba huamini kwamba figo zimeanza kufa kwa ajili ya vidonge, maana mtaani husemwa kwamba dawa za kila siku huharibu figo. Aelezwe kwamba kinachoharibu figo zaidi ni shinikizo lisilodhibitiwa, na kwamba dawa inayomsumbua inaweza kubadilishwa. Wagonjwa wengi hawajui kabisa kwamba kuna dawa nyingine. Hudhani kuna hiyo tu, na chaguo lao ni kuivumilia au kuiacha.

Mwanamume anayeona nguvu zake za kiume zimepungua hatalitaja mbele ya muuguzi wa umri wa binti yake. Ataacha dawa kimya. Hapo ni mtoa huduma anayepaswa kutangulia kusema, mlango ukiwa umefungwa, kwamba ugonjwa wenyewe na baadhi ya dawa huweza kuleta hali hiyo, na kwamba likitokea aje waseme, au amwombe tabibu wa kiume.

Fedha iulizwe kabla ya kuandika dawa. Mkulima wa Pito ana fedha baada ya mavuno; Januari na Februari, mvua zinaponyesha na ghala linapungua, hana. Anayeandikiwa dawa tatu Agosti kwa bei ya Agosti hataweza kuzinunua Februari, naye ataona haya kusema. Swali linaweza kuwa jepesi: "Dawa za mwezi zikikosekana hapa, mtaweza kuzinunua dukani?" Jibu laweza kubadili dawa iliyoandikwa, na hilo si kushusha kiwango cha tiba. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha kisera, lakini wengi hawaudai kwa kuwa hawakuambiwa pa kuuombea.

Upande wa mgonjwa

Mazungumzo ni ya watu wawili, na mgonjwa ana kazi yake. Anapokwenda kliniki abebe vidonge vyote anavyotumia, pamoja na bahasha tupu na dawa za mitishamba, badala ya kuvieleza kwa rangi. Amwambie mtoa huduma siku alizokosa, hata kama hakuulizwa. Aulize mambo matatu kabla hajasimama: namba yangu leo ni ngapi, inatakiwa iwe ngapi, nirudi lini. Akiwa na mtu wa nyumbani anayemwamini, hasa anayepika, aje naye. Akihisi dawa inamsumbua, arudi kabla ya tarehe badala ya kuiacha. Kumwambia daktari "Hapo sijaelewa, naomba unieleze tena" si utovu wa adabu.

Ufipa una kumbukumbu ya tabibu aliyekuwa na muda. Adrian Atiman, aliyesomea utabibu Malta, alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, na kuhudumu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali mojawapo ya Sumbawanga ina jina lake. Mgonjwa wa Karema aliweza kutibiwa na mtu aliyemtibu babu yake. Mtumishi wa leo huhama baada ya miaka michache, na anayekuja huanza upya: mgonjwa huulizwa yaleyale, huongezewa dawa aliyokwisha kuiacha kwa kikohozi, na taratibu huchoka kueleza.

Kwa hiyo daftari la mgonjwa, lile la kawaida la kurasa 40, lina kazi kuliko linavyopewa. Kwa sasa mara nyingi huwa na tarehe, namba na jina la dawa kwa mwandiko usiosomeka. Mistari michache zaidi ingemsaidia sana anayefuata: "Kaptoprili ilimletea kikohozi, imeachwa. Hutumia magadi, ameshauriwa. Dawa zilikatika Februari kwa kukosa fedha. Mdogo wake aje kupimwa." Iandikwe kwa Kiswahili, ili mjukuu aweze kumsomea nyumbani.

Na katika ukurasa wa kwanza wa daftari hilo ziandikwe, kwa herufi kubwa, dalili ambazo hazingoji tarehe ya kliniki: mkono au mguu wa upande mmoja kulegea ghafla, mdomo kupinda, kushindwa kutamka, maumivu makali ya kifua, kupumua kwa shida, kichwa kuuma kwa ukali usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, au kutoona vizuri kwa ghafla. Mwenye hayo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.